Jagi la maji kwenye meza ya msanifu: namna ya kuchunguza chombo cha kila siku na kukichora upya

Kwa mwanafunzi wa usanifu wa bidhaa, jagi la plastiki la lita 2 ni zoezi zuri kuliko kiti au taa. Lina sehemu tatu au nne tu, kila mtu anajua kulitumia, na makosa yake hujitokeza ndani ya sekunde tano: kifundo cha mkono kinalemewa, maji yanatambaa chini ya mdomo, kifuniko kinadondokea kwenye glasi. Hapa tunalifuata jagi moja tangu linapotazamwa mezani hadi mchoro unaoweza kupelekwa kwa fundi wa kalibu, yaani lile umbo la chuma ambamo plastiki ya moto huingizwa ili ipoe na kupata sura. Ukishalimudu, utaona kwamba ndoo, pasi na sufuria huchunguzwa vivyo hivyo.

Jambo moja lishikilie mwanzo hadi mwisho: lalamiko lisilo na kipimo lisichorwe. "Halishikiki vizuri" haina pa kuanzia. "Kitovu cha uzito kiko milimita 105 kutoka katikati ya kiganja" ina pa kuanzia, na baadaye utajua kama umesaidia au umebadilisha sura tu.

Tafuta majagi matatu ya aina ileile: moja la kutumia, la pili la kukata, la tatu la kubandikia vishikio vya majaribio. Ongeza kalipa ya vernia, rula ya chuma, mizani ya jikoni na ikiwezekana mizani ndogo inayosoma gramu 0.1, msumeno wa chuma wenye meno madogo, karatasi za grafu, kadibodi, plastisini, vipande vya plaiwudi, msasa wa namba 120 na 240, na simu yenye kamera. Kompyuta iache imezimwa kwa siku mbili za mwanzo.

Tazama mikono, maoni yatakuja baadaye

Waite watu sita hadi wanane ambao mikono yao inatofautiana kweli: mwenye viganja vipana, mwenye vidogo, anayetumia mkono wa kushoto, mzee, mtoto wa miaka kumi. Jagi lijae hadi mstari wa kipimo. Kazi iwe moja: jaza glasi tatu, rudisha jagi mezani. Kamera ikae ubavuni kwenye kimo cha meza, ichukue mikono tu. Usiwaambie unatafuta nini. Ukimuuliza mtu "jagi hili likoje?" atajibu "zuri" kwa adabu, mkono wake wa pili uliokimbilia kushika kitako hauna adabu hiyo.

Ukirudia video, andika mambo haya kwa kila mtu: mkono wa pili uliingia lini, kidole gumba kilikaa wapi, kiwiko kilianza kupanda kwenye glasi ya ngapi, glasi ilisogezwa kulifuata jagi au la, na nini kilifutwa mwishoni. Kiwiko kinasema mengi. Kifundo cha mkono kina kama nyuzi 50 tu za kuinama upande wa gumba na upande wa kidole cha mwisho, wakati jagi linalokaribia kwisha linahitaji kulazwa hadi nyuzi 90 au zaidi. Kifundo kikifika mwisho wake, kiwiko hunyanyuka kumalizia kazi. Hakuna kishikio kitakachoondoa jambo hilo kabisa. Kinachowezekana ni kulichelewesha. Kiwiko kikipanda tangu glasi ya kwanza, ujue kishikio kimeanza safari na kifundo kilichokwisha kuinama.

Lichunguze pia jagi kuukuu la aina hiyohiyo. Nyufa au weupe mahali kishikio kinapoungana na mwili zinaonyesha plastiki inapoumia. Uchafu mweusi kwenye mifereji ya kishikio unaonyesha mahali ambapo sponji haifiki. Ukikuta tepu, kamba au mpira umefungwa mahali, huo ni mchoro wa marekebisho ambao mtumiaji ameshakuchorea bure.

Likate

Jagi la pili lipasue katikati, msumeno ukipita kwenye mdomo na kishikio kwa mstari mmoja. Kata taratibu, polipropilini, plastiki ya jagi hili, hupata joto, ikalainika na kunata kwenye meno ya msumeno. Ukifika kwenye kishikio, mara nyingi utakuta hakikuwa kipande kizima kama kinavyoonekana kwa mbali. Zikutanishe tena nusu mbili ukikate kishikio kwa kukingama: umbo litakalojitokeza linafanana na herufi H, yaani bamba jembamba katikati na kingo mbili pande zote, moja ya vidole na nyingine ya kiganja. Mashimo ya H yanatazama kushoto na kulia.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huchora kishikio cha mviringo kilichojaa plastiki, wakidhani mtengenezaji alikuwa mchoyo. Hakuwa. Muda wa plastiki kupoa ndani ya kalibu hukua kwa mraba wa unene. Ukuta wa milimita 2 ukiongezwa kuwa kishikio kilichojaa cha milimita 20, unene umezidi mara 10 na muda wa kupoa mara 100. Hata mwenye subira hiyo angepata bidhaa mbovu: sehemu ya nje huganda kwanza, ya ndani ikasinyaa baadaye na kuuvuta uso uingie ndani. Matokeo ni vibonyeo juu au matundu ya utupu katikati. Umbo la H hutoa kishikio kipana chenye kuta zote za unene ule ule, na nusu mbili za kalibu hufunguka kushoto na kulia bila kukwama.

Lakini H ina gharama yake, nayo hulipwa na vidole. Jagi lililojaa lina uzito wa kilo 2.25 hivi. Kingo za H zikiwa zimepinda vizuri na zina upana wa milimita 20, uzito husambaa. Zikiwa na ncha kali, kidole hubebeshwa mzigo huo kwenye ukanda wa milimita 2 na mgandamizo huwa mara kumi. Pima upana wa ukingo wa ndani na nusukipenyo cha pembe zake. Chini ya milimita 1, vidole vitasema.

Sasa geuza kitako. Kidoa kinachokwaruza kilicho katikati ndipo plastiki ya moto ilipoingilia. Alama inayofanana na saa, yenye mshale na namba 1 hadi 12 kuzunguka, inaonyesha mwezi wa kutengenezwa, na namba za katikati ni mwaka. Pembetatu yenye 5 ni polipropilini. Mstari mwembamba unaopanda kwenye kishikio, ukapita kitako na kutokea mdomoni ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Uchore kwenye karatasi kabla ya kitu kingine. Sura yoyote utakayobuni italazimika kuutii, au kumlipa fundi kwa sehemu ya ziada ya kalibu inayotembea.

Neno la tahadhari kuhusu kufuta usichokielewa. Tundu dogo kwenye kifuniko cha kalamu ya Bic linaonekana kama kasoro. Lipo ili mtoto akikimeza kifuniko hewa iweze kupita, na kiwango cha ISO 11540 kinashughulikia usalama huo. Tundu lililo mgongoni mwa kiti cha plastiki cha kipande kimoja ni mahali pa kukamatia unapokichomoa kwenye rundo. Kabla hujaondoa kitu kwenye jagi, andika sababu tatu zinazoweza kuwa zilikiweka hapo.

Vipimo vya mwili

Anza na ujazo. Lita 2 ndani ya kimo cha milimita 220 zinahitaji kipenyo cha wastani cha milimita 108 kwa ndani. Kuta haziwezi kusimama wima kabisa, kwa sababu kiini cha kalibu kinachounda nafasi ya ndani hutoka kwa kuvutwa juu. Ukuta ulionyooka huking'ang'ania. Weka mteremko wa nyuzi 1.5 kila upande. Kwa kimo cha milimita 220, ukuta utahama milimita 5.8, hivyo kipenyo cha ndani kitakuwa 102 chini na 114 kwenye mstari wa lita 2. Ongeza milimita 20 juu ya mstari huo hadi ukingoni. Pasipo nafasi hiyo, jagi "la lita 2" litamwaga mara tu linapoinuliwa.

Uwazi wa juu wa milimita 115 unaruhusu mkono wenye sponji kuingia. Pembe ya ndani ya kitako iwe na nusukipenyo cha milimita 8 hadi 10. Pembe ya mraba hubaki na ute ambao hakuna kidole kitakachoufikia.

Kitako kisiwe bapa. Plastiki inapopoa huweza kuvimbia chini kwa sehemu ya milimita, na jagi zima likayumba kama kigoda chenye mguu mfupi. Inua katikati ya kitako kwa milimita 2 na uache pete ya upana wa milimita 4 ndiyo iguse meza. Kidoa cha kuingilia plastiki nacho kitapata pa kujificha bila kukwaruza meza.

Kitovu cha uzito na kishikio

Chukua ubao mwembamba na penseli ya mviringo. Sawazisha ubao mtupu juu ya penseli na uweke alama pale unapolingana. Simamisha jagi lililojaa juu ya ubao, kisha lisogeze taratibu hadi ubao usawazike tena. Kitovu cha uzito kiko wima juu ya penseli. Pima kutoka hapo hadi katikati ya mahali kiganja kinaposhika.

Kwenye jagi la kawaida la mviringo hesabu hujirudia: nusu ya kipenyo cha ndani 57, ukuta 2, nafasi ya vidole 35, nusu ya unene wa kishikio 10. Jumla ni 104; sema 105. Kilo 2.25 kwenye umbali huo huzaa nguvu ya kupindua ya nyutoni-mita 2.3, na mzigo huo wote hubebwa na kifundo cha mkono. Ndiyo maana mkono wa pili huja kusaidia.

Njia ya mkato ambayo kila mwanafunzi huijaribu ni kubana nafasi ya vidole. Usifanye hivyo. Vidole vinne vinahitaji uwazi wenye urefu wa milimita 115 hadi 120, na kina cha milimita 30 kwa uchache, 35 kwa starehe. Chini ya hapo vifundo vya vidole vitasugua ukuta, na jagi likiwa na chai ya moto vitaungua.

Dawa bora ni kuubonyeza mwili wenyewe: tengeneza bonde upande wa kishikio, upana milimita 60, kina milimita 20. Vidole vinaingia bondeni na kishikio kinasogea ndani kwa kiasi hicho. Hapa pana mtego. Bonde likianza juu na kuishia katikati ya mwili, sehemu ya chini inabaki pana kuliko ya juu yake, na kiini cha kalibu hakitoki. Bonde linaweza kuanzia popote upande wa juu, lakini likishaanza lazima lishuke moja kwa moja hadi kitakoni.

Lipia pia kile ulichochukua. Bonde la namna hiyo hula karibu mililita 175 za maji, kwa hiyo jagi litaongezeka kimo kwa milimita 19 hivi ili kubaki na lita 2. Na kwa kuwa umeondoa maji upande wa kishikio, kitovu cha uzito kimesogea upande wa pili kwa milimita 4. Faida halisi ni 16, si 20. Umbali mpya ni milimita 89, na mzigo wa kifundo unashuka hadi kama nyutoni-mita 1.96, pungufu ya asilimia 15. Mchoro unaotangaza punguzo kubwa zaidi bila hesabu hii umesahau upande mmoja wa mizani.

Mwinamo wa kishikio unahitaji kujaribiwa kwa mikono, karatasi haitoshi. Sehemu ya juu ikiegemea kwa mtumiaji, kifundo huanza kikiwa kimeinama nyuma na hivyo hupata nyuzi zaidi za kumiminia. Ikiegemea kupita kiasi, umbali kutoka kitovu cha uzito unaongezeka na unapoteza ulichopata bondeni. Tengeneza vitatu: wima, nyuzi 10 na nyuzi 20.

Mdomo

Mdomo ndio sehemu inayochorwa kwa haraka kuliko zote, nayo ndiyo inayoaibisha. Mkondo wa maji ukiwa mdogo, hauruki kutoka kwenye ukingo. Hupinda, ukashika upande wa chini na kutambaa mwilini hadi mezani. Mwaka 1957 mwanahisabati Mmarekani Joseph Keller alieleza kwamba maji yanapopinda kwenye ukingo, shinikizo lake upande wa ukingo hushuka chini ya lile la hewa, na hewa ya nje ndiyo inayousukuma mkondo ujishikize hapo. Mambo mawili zaidi huamua: ukali wa ukingo, na jinsi maji yanavyopenda kutanda juu ya kitu chenyewe. Kwenye glasi safi hutanda. Kwenye polipropilini hujikusanya matone. Ndiyo maana sura ileile inaweza kufaulu kwa plastiki na kufeli kwa glasi.

Ukingo wa mviringo basi ndio adui, na ndio ambao programu za kuchorea huutoa kwa kubofya mara moja. Picha inapendeza, meza inaloa. Vipimo vya kuanzia kwa jagi la lita 2 ni hivi: mdomo uwe na upana wa milimita 30 hadi 40 pale unapoanzia, ujikusanye kuwa mfereji unaoelekea mbele, na uchomoze milimita 8 hadi 12 nje ya ukuta. Pembe ya chini ya ncha, ile inayokutana na maji mwisho, iwe na nusukipenyo kisichozidi milimita 0.3. Uso wa chini wa mdomo urudi nyuma kuelekea ukutani badala ya kushuka wima, ili maji yanayotaka kutambaa yakute mlima.

Mstari wa kalibu hupita hasa kwenye ncha hiyo. Kalibu ikichakaa, plastiki hupenya kwenye mstari na kuacha utando mwembamba kama ukucha. Utando wa milimita 0.1 tu unatosha kuupeleka mkondo kando. Andika kwenye mchoro, kwa maneno, kwamba eneo la milimita 15 kila upande wa ncha lisiwe na utando wowote. Mafundi husoma maandishi ya namna hiyo. Mistari mizuri pekee haiwaambii ni wapi usahihi una maana.

Jaribio lake halihitaji maabara. Funga kitambaa kikavu kilichopimwa uzito kuzunguka mwili, chini ya mdomo, kwa mpira. Mimina mara 20, mililita 150 kila mara: kumi kwa haraka, sekunde 3 kila moja, na kumi kwa pole, sekunde 10. Simamisha mkondo kabisa kila unapomaliza, kwa sababu matone mengi huzaliwa mwanzoni na mwishoni. Pima kitambaa papo hapo. Rudia jagi likiwa limejaa na likiwa nusu. Kabla ya yote lisuuze kwa maji mengi. Mabaki ya sabuni huyafanya maji yatande na mdomo mzuri huonekana mbaya.

Ukichapa mdomo kwa printa ya 3D, upige msasa na uufanye laini kabla ya kuujaribu, maana mistari ya matabaka huongoza maji kama mifereji shambani. Plastiki ya PLA, inayotumika kwenye printa nyingi, huanza kulainika karibu na nyuzi 60, hivyo usiimiminie chai. Na usinywe kutoka humo. Nyufa za matabaka hazisafishiki.

Kifuniko

Kifuniko kishindwe au kifaulu kwa swali moja: jagi likilazwa nyuzi 90, kinabaki? Shingo yake iingie ndani milimita 12 au zaidi, na pengo kati yake na ukuta liwe milimita 0.3 hadi 0.5. Ukitaka kipande cha mdomo kinachofunguka kwa bawaba ya plastiki ileile, polipropilini inaweza: bawaba iwe na unene wa milimita 0.3 hadi 0.5, na ikunjwe mara kadhaa ikiwa bado na joto la kalibu ili molekuli zijipange upande wa kukunjika. Isipokunjwa mapema, hukatika mapema.

Modeli yenye uzito

Modeli ya povu jepesi hudanganya. Kishikio kibaya kikibeba gramu 80 huonekana kizuri. Chonga vishikio kwa matabaka ya plaiwudi yaliyogundishwa kwa gundi ya mbao, uvilainishe kwa msasa wa 120 kisha 240, na utumie plastisini kujaza mahali vidole vinapokaa. Jagi la tatu likate kishikio chake, uvifunge hivi kwa boliti na washa pana kupitia ukuta. Usijaribu kubandika kwa gundi. Polipropilini haikamatwi na gundi za kawaida, itaachia jagi likiwa hewani.

Ndani weka maji ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, lita 2 kamili. Usiweke mchanga. Kilo 2 za mchanga hukaa chini ya ujazo wa lita 1.5, kitovu cha uzito kinashuka na jaribio zima linapotoka.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha bonde, mwinamo na upana wa ukingo kwa pamoja, watu wakisema ni bora hutajua kwa sababu gani. Wape washiriki vishikio kwa mpangilio tofauti kila mmoja, kwa sababu mkono uliochoka hukilaumu cha mwisho. Mwache kila mtu ashikilie jagi katika mkao wa kumimina hadi atake kuliweka chini, nawe uhesabu sekunde. Baada ya hapo ndipo umuulize kipi angekichukua nyumbani. Sekunde na chaguo vikipingana, rudia video. Kwa kawaida utakuta kidole gumba kilikosa pa kukaa.

Kabla ya kupeleka kwa fundi

Chora sura ya ubavu kwa kipimo kamili (1:1), na uikate kadibodi uisimamishe mahali jagi litakapoishi: mezani, chini ya bomba, kwenye rafu ya mlango wa friji. Majagi mazuri mengi hushindwa hapo.

Unene wa ukuta uache kwenye milimita 2. Kwa vipimo vyetu mwili unachukua kama gramu 163 za polipropilini. Ukiupeleka milimita 3 "ili liwe imara," unaongeza gramu 81 na muda wa kupoa unazidi mara 2.25. Uimara uutafute kwenye ukingo wa juu uliokunjwa na kwenye mbavu zenye unene wa asilimia 50 hadi 60 ya ukuta. Ubavu mnene kuliko hapo huacha kibonyeo upande wa nje. Pembe za ndani pale kishikio kinapoungana na mwili zipewe nusukipenyo cha milimita 1 kwa uchache, 3 zikiwezekana. Ule ufa uliouona kwenye jagi kuukuu ulianzia kwenye pembe kali.

Taja aina ya plastiki, usiandike "plastiki" tu. Polipropilini husinyaa kwa kama asilimia 1.5 inapopoa, ABS, plastiki nyingine ngumu, kwa kama 0.5. Kwenye kipenyo cha milimita 115 hiyo ni tofauti ya zaidi ya milimita 1, inayotosha kukifanya kifuniko kidondoke au kigome. Fundi akibadilisha malighafi baada ya kalibu kuchongwa, pengo lako la 0.3 halipo tena. Kwa jagi la friji agiza polipropilini ya kopolima. Ile ya kawaida huwa dhaifu ikigongwa kwenye baridi. Plastiki angavu ya polisitirini inang'aa dukani, lakini hupasuka kirahisi na hulainika karibu na nyuzi 100.

Kishikio cha mpira laini juu ya plastiki ngumu kinatamanisha. Kinaongeza hatua ya pili ya kalibu, kinabanduka kwenye kingo, na kinaharibu urejelezaji kwa kuunganisha vitu viwili visivyotengana. Kingo za H zilizopindwa vizuri hufanya kazi hiyo bila gharama.

Sampuli za kwanza zikifika, acha zikae saa 24 kabla ya kuzipima, kwa kuwa polipropilini huendelea kusinyaa baada ya kutoka kwenye kalibu. Simamisha kila moja juu ya kioo bapa uibonyeze pembeni. Ikigonga gonga, kitako kimepinda. Rudia jaribio la kitambaa na la ubao na penseli, ulinganishe na namba za jagi la zamani. Kisha lijaze maji, liweke kwenye friji usiku kucha, na asubuhi liangushe kutoka kimo cha meza, mara moja kwa kitako na mara moja kwa kona ya chini ya kishikio. Kama likipasuka, ona ufa ulianzia wapi kabla hujaokota vipande.